Draivini haikuuawa na televisheni

Kila Juni ikikaribia, magazeti na majarida ya Marekani hutoa orodha ileile: draivini za kutembelea msimu huu wa joto. Jaza mafuta, pakia watoto na mablanketi, endesha saa mbili hadi huko mashambani, egesha gari mbele ya skrini iliyo kubwa kama ukuta wa ghorofa, utazame filamu ukiwa kwenye kiti chako mwenyewe. Picha zinazoambatana na orodha hizo zinavutia kweli. Pikapu imeegeshwa kinyumenyume, nyuma yake pametandikwa godoro, watoto wamevaa nguo za kulalia, na anga bado lina wekundu wa jua lililotoka kuzama.

Swali ambalo waandishi wa orodha hizo hawaliulizi ni hili: kwa nini saa mbili? Mwaka 1958, draivini zilipofikia kilele cha zaidi ya 4,000 nchini humo, watu wengi hawakuhitaji kufunga safari. Ilikuwa pale mji unapoishia, jirani na kituo cha mafuta, na baba aliyetoka kazini saa kumi na moja aliweza kula, kuoga na kufika kabla giza halijaingia. Leo zimebaki kama 300. Safari ndefu tunayouziwa kuwa ni sehemu ya raha ni matokeo ya biashara kufukuzwa mjini, na aliyeifukuza si yule anayelaumiwa kila siku.

Anayelaumiwa ni televisheni. Baada yake video, kisha intaneti. Ukisoma maelezo yoyote ya kifo cha draivini hukosi kuikuta runinga ya sebuleni katika aya ya kwanza. Lakini miaka inakataa. Televisheni iliingia katika nyumba za Wamarekani kwa wingi katika muongo wa 1950, muongo uleule ambao draivini zilikuwa zinafunguliwa kwa mamia. Zilizofunga milango wakati huo ni zile sinema za katikati ya miji, zenye kuta na viti vya mahameli. Draivini zilinenepa huku televisheni ikitazama.

Mimi naona jibu liko chini ya matairi. Draivini ilikuwa biashara ya ardhi tangu siku ya kwanza, na filamu ilikuwa mpangaji tu.

Tuanze na mwanzilishi wake, Richard Hollingshead wa New Jersey. Familia yake ilikuwa kwenye biashara ya bidhaa za magari, na mwanzoni mwa miaka ya 1930, uchumi ukiwa umeanguka, alikuwa akitafuta kitu ambacho Mmarekani hatakiacha hata akiishiwa. Akaona watu wanashikilia gari na sinema. Aliweka projekta juu ya boneti ya gari nyumbani kwake, akapigilia shuka kwenye miti, akaweka redio nyuma ya shuka itoe sauti. Alitumia mashine ya kumwagilia bustani kuiga mvua ili ajue kama mtu ataona kitu kupitia kioo cha mbele. Kilichomsumbua zaidi ni lile gari la mbele linalomkinga wa nyuma. Akaanza kuweka vipande vya mbao chini ya magurudumu ya mbele, akiongeza na kupunguza, mpaka akapata mwinuko unaomwezesha kila dereva kuona juu ya paa la mwenzake.

Hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, aliyopewa Mei 1933 ililinda hasa matuta hayo: namna ya kuchonga uwanja kwa safu zilizopinda, kila safu ikiwa na mwinuko wake na nafasi ya gari kupita nyuma. Juni 6 mwaka huo alifungua draivini ya kwanza karibu na Camden, kwa senti 25 kwa gari na senti 25 kwa kila mtu. Sauti ilikuwa mbovu. Vipaza sauti vikubwa vilifungwa kwenye skrini, waliokaa mbele wakapigiwa kelele na waliokaa nyuma wakasikia kwa kuchelewa. Filamu yenyewe haikuwa mpya. Alichokuwa amevumbua ni kiwanja. Na mwaka 1949 mahakama ya rufaa ilipoitupa hataza yake, sababu ilikuwa hiyohiyo: kupanga magari kwenye mwinuko kama viti vya ukumbini si uvumbuzi unaostahili kulindwa. Tangu hapo hakuna aliyelazimika kumlipa mtu mrabaha, na mashamba ya pembezoni mwa miji yakazidi kupandwa skrini.

Hesabu za biashara hii ni za ajabu ukizitazama kwa utulivu. Draivini ya kawaida inakula ekari kumi hadi ishirini. Ile ya Copiague, Long Island, iliyofunguliwa 1957, ilikuwa na nafasi ya magari 2,500. Eneo lote hilo linafanya kazi usiku tu, kwa saa tano au sita, na katika majimbo ya kaskazini ni kwa miezi mitano au sita ya mwaka. Muda uliobaki ni changarawe na nguzo. Ukumbi wa ndani wenye skrini kumi unatumia kipande kidogo cha eneo hilo na unaonyesha filamu kuanzia mchana, Januari hadi Desemba. Ardhi ikiwa ya bei ya shamba, uzembe huo hauna hasara. Ardhi ikipanda kuwa ya bei ya mji, kila usiku wa filamu unamgharimu mwenye kiwanja kuliko anachokusanya getini, maana kodi ya ardhi haiangalii kama jana mvua ilinyesha.

Na ni nani aliyeipandisha bei? Gari lenyewe. Sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 ilimwaga lami kati ya miji yote mikubwa, na njia za kutokea kwenye barabara hizo zikaangukia palepale pembezoni, penye draivini. Barabara iliyoleta wateja ndiyo iliyoleta madalali. Nyumba zikafuata, maduka yakafuata nyumba, na mwisho wa mji ukasogea kilomita kumi mbele. Draivini ikajikuta katikati ya mji bila kuhama.

Aliyelielewa jambo hili mapema kuliko wote alikuwa Michael Redstone wa Massachusetts, na baadaye mwanawe Sumner. Kampuni yao ilianza 1936, na miongoni mwa viwanja vyao vya mwanzo kulikuwa na Sunrise huko Valley Stream, New York, ya mwaka 1938. Wakati wenzao wakikodi mashamba, wao walishikilia umiliki wa ardhi iliyo chini ya skrini. Miji ilipowafikia, hawakulia. Waling'oa nguzo wakajenga kumbi nyingi ndani ya jengo moja. Sunrise ilifanyiwa hivyo 1979. Kwa nguvu ya mali hiyo, Sumner Redstone aliichukua Viacom, kampuni ya vyombo vya habari, mwaka 1987, na mwaka 1994 Viacom ikainunua Paramount, studio ya Hollywood. Fikiria hilo kidogo. Wenye draivini wengi walitumia maisha yao wakiziomba studio za Hollywood ziwape filamu mpya, wakaambulia zile zilizokwisha kuzunguka mjini au za bei rahisi za mazimwi na pikipiki. Aliyeiona draivini kuwa ni shamba lenye hati alimaliza kwa kuimiliki studio.

Ushahidi mwingine uko kwenye ramani. New Jersey ndiko draivini ilikozaliwa. Ndilo pia jimbo lenye msongamano mkubwa wa watu kuliko majimbo yote ya Marekani. Mwaka 1991 draivini ya mwisho ya jimbo hilo ilifungwa, na kwa miaka zaidi ya kumi hapakuwa na hata moja. Mwaka 2004 ikafufuliwa moja tu, Delsea, kusini kabisa huko Vineland, penye mashamba ya mboga. Kwa upande mwingine, draivini kongwe inayoendelea hadi sasa, Shankweiler's, iliyofunguliwa Aprili 1934, iko Orefield, Pennsylvania, jimbo la jirani. Majimbo yenye draivini nyingi leo ni Pennsylvania, Ohio na New York, na hapo New York msifikirie Manhattan. Ni ile ya juu, ya ng'ombe wa maziwa na tufaha. Watu wa huko nao wana runinga, tena wana Netflix kama sisi.

Siwezi kudai kwamba ardhi ilifanya kazi peke yake. Iko sababu moja ambayo msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa hawezi kuikisia, kwa sababu kwetu haipo: jua linalochelewa kuzama. Draivini ya Ford-Wyoming iko Dearborn, Michigan. Mwishoni mwa Juni huko jua linazama saa tatu na dakika kumi usiku. Ongeza nusu saa skrini ianze kuonekana vizuri. Filamu ya kwanza inaisha karibu na saa sita, na kwa kuwa desturi ni filamu mbili kwa tiketi moja, ya pili inamalizika saa nane usiku. Sehemu ya tatizo hilo ni jiografia, sehemu ni Bunge. Sheria ya mwaka 1966 iliyosawazisha kusogeza saa mbele wakati wa majira ya joto iliwanyang'anya wenye draivini saa nzima ya giza, katika miezi ambayo ndiyo riziki yao. Walipinga, wakashindwa. Ndiyo maana zile nguo za kulalia kwenye picha: mtoto anajulikana atalala kabla ya filamu ya pili, na mzazi hataki kumvua viatu saa tisa usiku.

Sasa tuje kwetu, kwa sababu Afrika Mashariki inatupa kipimo ambacho Marekani hainacho. Karibu na ikweta giza linaingia kwenye saa moja jioni, Januari sawa na Julai. Hakuna theluji, hakuna kusogeza saa. Kama kungekuwa na mahali pa draivini kuishi milele, ni hapa. Na tulikuwa nazo. Nairobi ilikuwa na Belle Vue barabara ya Mombasa na Fox barabara ya Thika. Dar es Salaam ilifungua ya kwake Msasani mwaka 1966, mwaka mmoja kabla ya Azimio la Arusha, na familia zikawa zinakwenda na mapishi yao kwenye masufuria, mambo ambayo ukumbi wa ndani usingeyaruhusu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994. Kwa kipimo cha wanaoilaumu runinga, ya Msasani ilikuwa na karibu miaka thelathini ya kutamba bila mpinzani hewani.

Ilipata misukosuko ya aina yake. Biashara inayotaka mteja aje na gari ni biashara ya mafuta, na wanaoikumbuka miaka ile ya shida wanakumbuka amri ya kuzuia magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia mchana. Jumapili ilikuwa siku ya familia. Kaseti za video nazo zilikuja, siwezi kuzifumbia macho. Lakini tazama kilichosimama pale sasa. Baada ya mlipuko wa Agosti 1998, Marekani ilihitaji eneo pana la kujenga ubalozi mpya, lenye nafasi kubwa kati ya jengo na barabara. Kiwanja kipana, kilicho wazi na karibu na makazi ya mabalozi kilikuwepo tayari Msasani. Ubalozi ulihamia hapo mwaka 2003. Nairobi nako viwanja vile viwili vimemezwa, na kilichobaki ni makondakta wa matatu kuita Bellevue na Drive-In kama majina ya stendi, abiria wengi wakiwa hawajui kilichokuwepo.

Giza tulikuwa nalo, wateja walikuwepo, msimu ulikuwa wa mwaka mzima. Ardhi ilipopata thamani, skrini ikaondoka.

Kuna jambo jingine ambalo simulizi za safari za majira ya joto hulipita haraka, nami nitalipita lakini si kwa kunyamaza. Barabara hiyo ya miaka ya 1950 haikuwa ya kila mtu. Kusini mwa Marekani, Mweusi aliyefika getini kwenye draivini aliweza kukataliwa au kuelekezwa safu za nyuma alikotengewa. Ndiyo nchi ambayo mfanyakazi wa posta wa Harlem, Victor Hugo Green, alichapisha tangu 1936 mwongozo wa kumwonyesha msafiri Mweusi hoteli, vituo vya mafuta na migahawa itakayompokea. Kwa hiyo anaposema mtu kwamba siku hizo zilikuwa tamu, inafaa kumuuliza alikuwa ameegesha safu ya ngapi.

Mwaka 2020 ulifanya mambo yaonekane kana kwamba draivini imefufuka. Kumbi za ndani zilifungwa kwa ajili ya korona, gari likawa chumba salama, na studio zikaacha kutoa filamu mpya. Juni mwaka huo filamu ya dinosaria ya mwaka 1993 ilirudi kileleni mwa mauzo ya tiketi Marekani, ikibebwa na draivini. Makanisa yalifanya ibada humo, shule zikafanya mahafali. Waandishi wakashangilia. Mimi nilichokiona cha maana zaidi ni kile kilichofanywa na Walmart: ilitangaza kugeuza maegesho ya maduka yake 160 kuwa draivini za muda. Lile lile duka ambalo kwa miaka mingi limekuwa likijengwa kwenye viwanja vikubwa vya pembezoni sasa lilikuwa linaazima skrini kwa usiku mmoja mmoja, kwenye lami ambayo tayari ilikuwa inaingiza pesa mchana. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba watu hawakuwahi kuichoka draivini. Kilichoshindikana ni kuwa na ekari kumi na tano zisizofanya kitu kingine.

Waliobaki wanalijua hilo vizuri kuliko mchambuzi yeyote. Wellfleet, kule Cape Cod, Massachusetts, huendesha gulio la vitu vikuukuu mchana kwenye kiwanja kilekile, na hivyo ndivyo draivini nyingi zilivyovuka miaka migumu. Mwaka 1955 mchungaji Robert Schuller alikodi draivini ya Orange, California, akahubiri akiwa juu ya paa la kantini, waumini wakiwa kwenye magari. Studio zilipolazimisha mfumo wa kidijitali kuelekea mwaka 2013, projekta moja iligharimu dola 70,000 au zaidi, nyingi zikafunga, lakini zilizokuwa na kantini yenye nguvu zilipumua. Maana faida iko pale. Sehemu kubwa ya pesa ya tiketi ya filamu mpya inarudi kwa msambazaji. Bisi, soda na mikate ya soseji ni ya mwenye kiwanja. Bengies ya Maryland, yenye skrini ya upana wa futi 120, haifichi jambo hili: ukitaka kuingia na chakula chako, unalipia kibali. Wateja wengine hununa. Mimi naona ni uaminifu. Wanakwambia wazi nani anayelipia giza hilo.

Lakini adui wa sasa ana sura tofauti na yule wa miaka ya 1970. Wakati ule ilikuwa nyumba na maduka. Leo ni maghala ya bidhaa zinazoagizwa mtandaoni, ambayo yanataka hasa kile draivini inacho: eneo tambarare, kubwa, karibu na barabara kuu, nje kidogo ya mji. Mission Tiki ya Montclair, California, iliyofunguliwa 1956, ilikuwa na wateja hadi mwisho. Ilifungwa Januari 2023, kiwanja kikiwa kimekwisha kuuzwa kwa ajili ya majengo ya viwanda na maghala. Kwa maneno mengine hata ile saa mbili ya kuendesha haitoshi tena. Ghala halihitaji kuwa karibu na sebule ya mtu. Linaifuata draivini hukohuko ilikokimbilia.

Orefield, kwenye Shankweiler's, iko katika bonde la Lehigh, ambalo kwa miaka ya karibuni limekuwa moja ya maeneo makubwa ya maghala mashariki mwa Marekani. Mwaka 2022 draivini hiyo ilipata wamiliki wapya, nao wakaamua kuonyesha filamu mwaka mzima, baridi na joto. Naliona ni jibu la busara kuliko kampeni zote za kuokoa urithi, kwa kuwa linagusa ugonjwa wenyewe: ardhi inayolala nusu ya mwaka. Kwa Waswahili mlioko Pennsylvania, Ohio na majimbo ya jirani, Julai nendeni mkipenda, ingawa foleni itakuwa ndefu na watu wengine wanatosha kuijaza. Anayetaka kuwasaidia aende Februari. Giza huko linaingia saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo filamu inaanza mapema na watoto wanarudi nyumbani wakiwa macho. Mafuta yawe ya kutosha kuendesha hita, na chakula kinunuliwe kantini.